Koti la Maleba

Umekuja na kompyuta, mwanangu, na fomu yenye vijisanduku:
jina la tamthilia, mwaka, waigizaji, idadi ya siku.
Unasema ukumbi umetimiza miaka sitini
na wakubwa wanataka orodha.
Daftari lililowa mvua za El Niño, kurasa zikashikana kama chapati.
Mimi nina koti.

Lishike. Ni zito, sivyo?
Sufu ya kijivu, bitana ya zambarau.
Fundi Jashwant wa Mtaa wa Bazaari, kabla haujaitwa Biashara,
alilikata kwa onyesho la kwanza, akakataa malipo
ila viti viwili vya mbele, chake na cha mkewe.
Mkewe alisinzia. Yeye hakuangalia mchezo,
aliangalia mshono wa bega la kushoto,
na pazia liliposhuka alilipigia makofi bega.

Geuza ukosi. Unaona nyuzi?
Kila aliyelivaa nilimshonea herufi zake hapo.
Wenyewe husema "kuvaa uhusika",
nami huwauliza: na uhusika huo hufuliwa na nani?

Nyekundu ni ya Muthengi, karani wa reli mchana,
usiku Gavana. Nilikuwa msichana wa kushona vifungo,
nikichungulia kwenye tundu la pazia.
Alipoingia, wazee wa safu ya nyuma wakasimama,
mazoea tu,
kisha wakakumbuka, wakaketi, wakacheka hadi wakalia.
Bendera ilipandishwa miezi saba baadaye.
Kwangu mimi ilikuwa imechelewa.

Toka hapo koti likawa linashuka cheo na kupanda, kama watu:
chifu, mwalimu mkuu, bwana harusi mlevi,
mwaka mmoja lilivaa sanamu ya kutishia ndege.
Likawa waziri, kwa juma moja la mazoezi.
Muswada ulirudi kutoka ofisini una wino mwekundu,
neno "waziri" limekatwa kila lilipo.
Tukamwita meneja wa kiwanda cha sabuni. Maneno yale yale.
Watu walicheka wakitazama mlango.

Hapa, uzi wa kijani, herufi moja.
Lumbasi. Agosti ya themanini na mbili.
Onyesho lilikuwa la siku kumi, tulicheza nne.
Kafyu ilipoondolewa wenzake walirudi, yeye la.
Kuna asemaye yuko Uswidi, anaendesha tramu.
Kuna anyamazaye.
Mfukoni mlikuwa na njugu tano ndani ya karatasi.
Nilizila. Nilikuwa na njaa, na sikujua.
Herufi ya pili sijaishona.

Zulekha ndiye mwanamke wa kwanza.
Nilileta pini nipunguze kiuno, akanishika mkono:
"Acha lipwaye, waone ninavyolijaza."
Mabasi ya shule yalikuja toka Machakos, toka Embu,
watoto wenye mtihani vichwani
wakimnyooshea vidole, "Mwongo! Mwongo!"
naye kodi ya chumba Pangani imemshinda.

Mwaka wa barakoa hakuna aliyelivaa.
Kila Ijumaa nililipiga brashi.
Ijumaa moja nililivaa mwenyewe, nikapanda jukwaani gizani,
nikasema mstari wa kwanza wa Gavana.
Wa pili ukanikimbia.
Nikangoja mtu aninong'onezee.

Hilo usiandike.
Au andika, penye idadi ya siku: moja.

Sasa niondolee mashine yako mezani.
Jumamosi kuna onyesho, na huyu Chirchir wenu ana mabega ya mlango,
mshono wa Jashwant umeanza kuachia
pale pale, bega la kushoto.
Nipe uzi. Hapana, si huo.
Wa manjano.