Futikamba

Miaka kumi na tisa sikuandika kipimo cha mtu.
Mwanamke anaingia, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
futi inamzunguka,
na kabla hajakunja baibui lake
kifua, kiuno na nyonga vimeshakaa kichwani mwangu,
kila kimoja na kigoda chake.
Bi Mwanjaa: arobaini na nne, thelathini na nane, hamsini kasoro moja.
Mdogo wake, bega la kushoto limeshuka nusu inchi,
utotoni alibeba ndoo upande mmoja.

Kisha nikakopa kwa Hizza.
Mkopo wenyewe una jina lake mtaani, kausha damu,
nami nilicheka nikiweka dole gumba.
Laki tatu, ya cherehani ya pili.
Marejesho kila jioni. Jioni moja ikiruka
anakuja na baiskeli, hapigi kengele,
anaiegemeza ukutani kwangu
na kungoja wateja wajae.

Niulize shati alilovaa siku aliyoibeba ile cherehani.
Bluu, ya mistari, kifungo cha tatu si chake,
kimeshikizwa kwa uzi mweusi, mishono minne, kazi ya pupa.
Niulize maziwa yaliyoungua kwa jirani.
Niulize alitanguliza mkono gani. Wa kushoto.
Sasa niulize kiuno cha Bi Mwanjaa.

Kimya.

Nimemkatia gauni la mtu mwingine.
Nimesimama njia panda nahesabu barabara kwa vidole,
ya tisa, ya kumi,
kama mgeni aliyeshushwa na basi jana,
na kitovu changu kimezikwa hapa hapa.
Nalala saa nne, saa nane niko macho,
moyo unakwenda kama cherehani isiyo na kitambaa.

Wakasema nimechezewa. Shangazi akaleta ubani.
Sikuukataa; ulinukia vizuri.
Asubuhi nikaenda Bombo.

Daktari Semhando alichora ubongo nyuma ya cheti,
mchoro mbaya, Mungu amsamehe.
"Hapa ndani pamejikunja kama korosho.
Humo anakaa karani wa vipimo vyako.
Na juu ya figo una tezi mbili, vikofia viwili.
Ukiogopa, zinamwaga kortisoli.
Si sumu hiyo. Ndiyo inayokuamsha alfajiri,
ndiyo inayokurusha pembeni gari likikujia.
Ni mlinzi wa usiku: apige firimbi, mwizi akimbie,
kisha arudi kwake akalale.
Wako hajarudi kwake tangu Ramadhani.
Hata paka akipita, firimbi.
Karani ataandikaje?"

"Na shati la Hizza?" nikauliza.
"Mbona hilo limeandikwa?"

Akafikiri.
"Shati liliandikwa na firimbi yenyewe."

Bibi yangu alikuwa akisema,
kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.
Bibi, langu limevujisha nazi
likabakiza mawe.

Akaniandikia vidonge.
Akasema, tembea jioni, lala mapema, usikae peke yako na jambo.
Nikamwambia, daktari, dawa nyingine
ni laki mbili na elfu arobaini.
Akaitazama kalamu yake.

Nimenunua daftari.
Bi Mwanjaa amerudi na lile gauni lililomkaba,
amesimama mlangoni, ameinua mikono
kabla sijamwomba.
"Nipime upya," anasema, "hata mimi nimenenepa."
Muongo. Hakunenepa hata kidogo.
Naandika: kiuno, thelathini na nane,
na mahali fulani kwenye korosho
kigoda kinasogezwa.

Nje, kengele ya baiskeli.
Mkono ukanitetemeka, futi ikaanguka,
jasho likanitoka kwapani.

Ikachukua muda, muda mrefu kuliko zamani,
kukumbuka
kwamba ya Hizza haipigi.