Dakika Ishirini na Nane

Aliyesema haraka haina baraka
hakuwahi kukalia dawati
na saa ya ukutani ikimtafuna.
Mimi niliwafundisha haraka,
Jumamosi baada ya adhuhuri, orofani Bondeni,
juu ya cherehani za fundi Mbwarali,
feni moja, panga lake limepinda,
kila mzunguko lagonga kama mdai kodi.

Maswali kwanza, niliwaambia.
Usiingie kifunguni kama mgeni ashangaaye picha ukutani.
Ingia kama mtu aliyesahau ufunguo:
unajua unachokitafuta. Chukua, toka.
Neno gumu usiligombeze,
waulize majirani zake, wa kushoto na wa kulia.
Ukikwama, ruka,
usikubali alama moja ikulie nne.
Na palipoandikwa "kwa mujibu wa kifungu"
pigeni mstari, mara mbili.
Jibu litoke karatasini,
si kwenu, si mtaani, si kwa shangazi.
Mwajua mengi, najua.
Yaacheni mlangoni pamoja na viatu.

Salmin alimaliza kwa dakika kumi na tisa,
akabaki kuchonga penseli na kuchokoza wenziwe.
Mwakio alisoma kwa midomo, nikamkataza,
akahamia kidoleni, nikakataza kidole,
akaanza kutikisa goti.
Goti nililisamehe.
Na Mbeyu wa Mikindani,
ajaye na maji ya ukwaju kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
nilimpimia kwa saa yangu ya mkononi:
thelathini na tano,
thelathini na moja,
ishirini na nane.
Siku hiyo nilimnunulia viazi karai.

Ukaja mtihani wa majaribio.
Aya sita juu ya reli mpya,
makontena yashukayo melini Kilindini
yakapanda behewa papo hapo,
yakafunguliwe bara.
Swali la (b): Kwa mujibu wa kifungu,
eleza faida mbili za reli hiyo. Alama mbili.
Jepesi. Yamo aya ya pili, mstari wa tatu na wa nne:
muda, na gharama.
Salmin aliyachomoa kama mtu atoaye mwiba wa samaki.

Karatasi ya Mbeyu niliisahihisha usiku,
umeme umekatika, tochi ya simu
nimeiegemeza kwenye kopo la sukari.
(a), sawa. (b):
"Faida ya kwanza ni kuokoa muda.
Faida ya pili, baba sasa anao muda mwingi.
Alihesabu makontena getini miaka kumi na minane.
Siku hizi anahesabu vijiko.
Anatuamsha kungali giza, chai tayari,
na yeye mwenyewe hana pa kuwahi."

Kisha (c) mpaka (f), weupe.
Hapana hata nukta.

Mwongozo wa kusahihisha hauna utata: alama moja.
Nikaiandika.
Nikapiga hesabu. Mistari ile michache
haikumla zaidi ya dakika tatu.
Hizo nyingine zilikwenda wapi?
Nikamwona, kalamu mkononi haiandiki,
anairudia aya ya pili,
anairudia,
polepole, vile nilivyowakataza,
vile isomwavyo barua.

Jumamosi nikamwita kando.
Maneno nilikuwa nayo: ungeruka, ungelirudia mwisho.
Akaniwahi.
"Najua, mwalimu. Zile nyingine niliziona.
Majibu yake yako aya ya nne na ya tano."
Akafungua chupa, akanywa, akaifunga.
"Lakini kile kifungu, mwalimu,
alikiandika nani?"

Sikujua.
Halikuwa miongoni mwa maswali.
Feni ikagonga, ikagonga.
Nikaitazama saa, kwa mazoea tu.
Nyuma yetu Salmin alikuwa keshamaliza,
anachonga penseli.