Mashavu ya Bilguun

Picha ilipofunguka, mtoto hakuwemo.
Palikuwa na theluji, hema la sufi, ndoo,
na katikati kitu cheusi chenye nywele ndefu
kama mtu aliyeitwa akakataa kuitika.

Kamera ya mjomba wake ilidanganyika:
iliona theluji ikadhani ni taa,
ikafinya jicho,
na uso ndio uliolipa deni.

Bibi Dulmaa amesimama nyuma ya kiti changu.
Saa sita ndani ya basi hadi hapa Murun;
kofia yake ya manyoya inadondosha maji sakafuni.
"Ni siku aliyokatwa nywele," anasema,
"nywele za kwanza, za miaka mitatu. Zile hazirudi.
Mwanga wa siku ile urudishe wewe."

Nausukuma mwanga juu, kidogo, tena kidogo.
Paji linatoka. Pua inafuata, na kamasi zake.
Lakini mlima nyuma yake unaungua,
unakuwa karatasi tupu.
"Mlima umekwenda wapi?"
Naurudisha mlima; mtoto anazama.
Blanketi fupi hilo: funika kichwa, miguu i nje.
Basi nachora duara kuuzunguka uso peke yake,
kingo zake nazilainisha kama mvuke wa chai,
na mlima nauachia mchana wake.

Imebaki buluu.
Ngozi buluu, maziwa ndooni buluu,
kivuli cha Januari kimelala juu ya kila kitu.
Kompyuta yangu huomba jambo moja tu:
nionyeshe kisicho na rangi,
nami nitazijua rangi zote.
Nagusa hema. Buluu haiondoki.
"Hilo si jeupe," bibi anacheka,
"lina moshi wa vipupwe vitatu."
Nagusa weupe wa jicho: mtoto anageuka chungwa,
kwani jicho la mtoto lina ubuluu wake, wa kuzaliwa nao.
Navuta ujoto kwa mkono, navuta mno,
na kile kitambaa cha hariri alichokishika
kinafifia, kinakuwa jivu.
"Acha! Hiyo ni mbingu, mwanangu. Usiifue."

Hapo ndipo nilipouona mkasi.
Umefungwa kwenye hariri ile ile,
mkasi wa chuma, mkavu, mkongwe,
kijivu kisichoegemea upande.
Nagusa penye msumari wake, mara moja.
Theluji inakuwa theluji.
Mbingu inabaki mkononi mwa Bilguun.

Kisha mkono wangu, kwa mazoea,
ukaenda kwenye wekundu.
Wateja wa mjini hutaka mashavu ya yai lililomenywa,
nami nimemenya mengi, sisemi uongo.
Mipasuko ya upepo nikaiziba, wekundu nikaushusha,
nikageuka nisifiwe.

Bibi alikaa kimya.
Halafu: "Huyu ni wa nani?"

Akamwita mvulana aliyekuwa akichezea sumaku karibu na jiko,
kichwa kimenyolewa, masikio yamezidi ukubwa.
Akamshika kidevu, akamwelekeza kwenye skrini.
"Linganisha."
Lakini taa ya duka langu ni ya kijani kidogo,
na joto la jiko lilikuwa limempausha.
Nikarudisha wekundu wote, nikachapa,
tukatoka nje watatu, bila glavu,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
mimi na karatasi, yeye na uso wake,
tukaviweka bega kwa bega kwenye mwanga.

Karibu sawa. Kidevu kilipungukiwa kidogo.
Nikataka kurudi ndani nirekebishe,
lakini tulipokuwa tukibishana
mashavu ya Bilguun yakazidi kuwaka,
yakaipita picha,
yakaiacha nyuma kabisa.

"Haidhuru," bibi akasema, akihesabu noti kwa vidole vilivyokakamaa.
"Karatasi siku zote huchelewa."