Sululu si Shoka?

Nusu saa mia tano. Nimeandika kwa chaki mlangoni,
na chini yake: HATUKOPESHI, HATA KIYAMA KIKIFIKA.
Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga,
runinga mbili, pedi tatu, moja inashikiliwa na raba.

Wengine wote huja kwa mpira.
Mwaluko peke yake huomba ile ya watu wa baridi:
ndevu zilizosukwa kama nywele za bibi harusi,
meli yenye kichwa cha joka,
mungu wa jicho moja na kunguru wake wawili wambeya
waendao alfajiri, warudio jioni na habari za dunia nzima.
(Nilimwambia, siku hizi angenunua bando.)

Ana miaka kumi na mmoja. Bahari hajaiona.
Maji makubwa ayajuayo ni ya bwawa la Hombolo,
nayo aliyaona mwaka wa ukame, yamejikunja pembeni
kama mbwa mgonjwa.
Lakini mtazame akishaipata meli:
mabega yanakwenda, ulimi nje ya meno,
benchi langu linapiga makasia,
na upepo wa Agosti, huu wetu, mkavu, mwekundu,
unapenya chini ya mlango na kulijaza tanga.

Theluji ilimsumbua.
"Ni kama chumvi?"
Sikujua niseme nini.
Nyuma ya ukuta mashine ikawashwa,
vumbi la sembe likatushukia polepole,
nyweleni, kwenye kope, juu ya runinga.
Hakuuliza tena.

Na mungu wa radi? Anapiga nyundo mpaka milima inapasuka
wala halidondoki tone.
"Huyo," nikasema, "ni wa kwetu kabisa.
Mawingu ya Novemba yanamjua."

Ijumaa moja ramani ikafunguka upande wa magharibi.
Mabaharia walikuwa wanaitafuta nchi ya mizabibu,
wametafuna ngozi za viatu, wamezika wenzao majini.
Mwaluko alicheka mpaka pedi ikamtoka:
"Si wangeuliza! Wangekuja Mpunguzi!
Mama analipwa kwa kreti!"

Nahodha alipokufa hakucheka.
Wakashuka mabinti waliopanda farasi wa mawinguni,
wakambeba hadi kwenye ukumbi ulioezekwa kwa ngao,
nyama haipungui chunguni, pombe haikauki,
na maandishi, niliyomsomea kwa Kiingereza changu cha kuungaunga:
waingiao humu ni waliokufa vitani, silaha mkononi.

"Silaha gani?"
Shoka. Upanga. Mkuki.
"Sululu?"

Baba yake, Chilongani, alikuwa mchimba visima vya watu.
Kule Nala, Machi iliyopita, futi sitini chini,
udongo ukarudi mahali pake.
Walipomfikia alikuwa bado ameushika mpini.
Nilikuwepo. Niliona walivyovifungua vidole,
kimoja, kimoja.

Jina la mji huu, waulize Wagogo, ni kuzama.
Kila mtoto hapa anaijua habari ya tembo aliyedidimia topeni.
Hakuna aliyetuambia
nani alimpokea huko chini.

Mimi si wa dini ya barafu.
Naimba kwaya ya Anglikana, sauti ya pili,
na jibu lililonipasa nalijua.
Nikasema:
"Sululu ina ncha mbili. Shoka lina moja."

Akafikiri sana. Umeme ukakatika.
Runinga ikameza ukumbi, ngao, farasi,
na mashine nyuma ya ukuta ikashusha pumzi.
Alikuwa amebakiwa na dakika tisa.

Tukakaa gizani. Akatoa mfukoni kichala cha zabibu,
nusu zimepondeka, akanigawia.
Tamu, zina mchanga.
"Ukirudi," akasema, "narudi pale mlangoni.
Nitamwuliza mlinzi
kama kuna mtu alikuja ana matope."