Bao Liko Kushoto

Nilizipata tatu ndani ya bitana ya koti la Gikomba,
koti zito, la baridi isiyo yetu.
Zimeshonewa pindoni kwa uzi mwekundu
kama vitu vinavyoogopa forodha.
Mia nne na hamsini nililipa.
Sikuuliza aliyelivaa alikwenda wapi.

Ni duara, na katikati kuna tundu.
Pesa yenye tundu naijua: nyanya yangu alitunga ndururu
kwenye uzi wa katani, akazihesabu kwa gumba
huku macho yako kwenye chungu.
Lakini tundu la ndururu ni mviringo.
Hili lina pembe nne,
kana kwamba mtu alikata dirisha
akasahau kujenga nyumba.

Wiki nzima nilizisoma kichwa chini.
Nilizichora zile herufi kwenye daftari la madeni,
kati ya sukari ya Mama Moraa na unga wa Achesa,
nikizigeuza na kuzigeuza
kama ninayejaribu ufunguo wa jirani.

Jumamosi nikafunga kibanda mapema,
nikaenda Hurlingham kwa Bi. Meifeng anayeuza uyoga na tofu.
Akafuta mikono kwenye aproni.
"Tafuta yenye msongamano," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni,
"yenye paa, na ndani watu wengi.
Hiyo hukaa kushoto. Hiyo bao."

Bao?
Nikacheka hadi mteja akageuka.
Kwetu bao ni kete na mashimo,
bao ni ule mpira uliotulaza na njaa ya furaha.
"Kwetu," akasema, "bao ni hazina."
Basi nikaliweka bao kushoto, na sarafu ikasimama wima.
Juu, chini, kulia, kushoto:
ndivyo isomwavyo,
kama ishara ya msalaba ukimtazama padri uso kwa uso.
Mbili za kwanza ni enzi ya mfalme. Chienlung, akasoma,
na sauti yake ikawa ya mtoto wa shule.

Nikaigeuza nyuma.
Maneno mawili, moja kila upande wa tundu,
yamesimama yenye meno, kama mabua ya mtama
baada ya ng'ombe kupita.
"Haya sijui," akasema. "Ni maandishi ya waliotutawala.
Sisi tulinunulia tu mchele."
Akapima kabichi ya mtu, akarudi.
"Na usisugue!" maana aliniona nikitazama limau.

Nyanya naye hakuweza kusoma jina la mfalme
lililoizunguka ndururu yake.
Gumba lilimtosha.

Ondigo, fundi saa pale ngazini River Road,
ana sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu.
Akaisogeza. Ya kwanza ikatulia.
Ya pili ikatulia.
Ya tatu ikaruka kama panzi, ikang'ang'ania.
"Shaba haina mapenzi na sumaku," akasema,
na hakuniangalia, kwa adabu.
Kwenye kioo chake cha jicho moja nikaona mengine:
kutu ya chungwa, herufi laini kama sabuni iliyotumika,
na tundu lililonyooka mno.
Zile mbili zina tupa ukingoni,
mikwaruzo ya mtu aliyekuwa na haraka, na zamu, na njaa yake.

Usiku nimekata bahasha vipande vitatu.
Ninaandika kwa penseli, kwa kuwa naanza.
Moja: Chienlung. Mji iliposubiwa, bado.
Mbili: Chienlung, huenda; nyepesi kuliko dadake.
Tatu: bandia.

Kisha nikarudi kwenye pindo la koti na kioo cha Ondigo,
nikahesabu matobo ya sindano.
Ya kwanza ilishikwa kwa mishono sita.
Ya pili, saba.
Bandia, kumi na tisa.

Sijafuta neno nililoandika.
Sijaitupa pia.
Koti lenyewe nalivaa Julai,
asubuhi ninapofungua kibanda na mvuke unatoka mdomoni,
na pindo, kwa kuzoea,
bado linaning'inia upande mmoja.