Jua la Disemba

Faili lina kurasa mia mbili na kumi na moja.
Karani wa mahakama ya Duluth amelifunga kwa uzi,
amenitoza dola nne, akanionya
nisililoweshe, nje theluji inaanguka.

Ukurasa wa tisa: vyumba vya kulala, viwili.
Vitanda, vitatu.
Mtu alitumwa na kalamu aje kuvihesabu.
Hakuhesabu soksi zilizoanikwa juu ya bomba la joto,
wala mkate wa iliki wa Jumamosi,
wala Arlene, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu
maana mama ni wa mkono wa kushoto
na mafundo yake yalinichanganya.

Ukurasa wa thelathini na mbili ni mimi.
Rauni Ojala, miaka saba.
Hakimu alinipa peremende, akavua miwani,
akainama kama babu wa mtu, akauliza:
mama hulala wapi?
Nikamwambia.
Msema kweli, husemwa, ni mpenzi wa Mungu.
Siku ile nilikuwa mpenzi wa wakili wa baba.

Wakili mwenyewe hakudai kwamba tulipigwa.
Alikiri: nyumba safi, watoto wana adabu,
meno yao mazima.
Kisha akalitamka lile neno, taratibu,
kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kinywani,
na karani akalipiga chapa, na neno likala vyote:
usafi, adabu, meno, mkate.

Hukumu, mwaka sabini na sita:
watoto kwa baba. Mama awaone Jumamosi,
mradi yule mwanamke asiwe chini ya paa lile,
na warudishwe kabla jua halijazama.

Wewe usiyeijua kaskazini, nikwambie:
Juni tulikaa na mama hadi saa tatu usiku.
Disemba jua lilituacha saa kumi na dakika ishirini.
Ukitoa safari, ukitoa kuvua makoti na kuyavaa,
ilibaki supu, na karata tusizozimaliza.
Mama alisema: hata jua lina wakili.

Na Arlene? Aliitii amri herufi kwa herufi.
Hakuwa chini ya paa.
Alikuwa barabarani, ndani ya Ford yenye kutu,
injini ikinguruma asije akaganda,
kofia hadi kwenye nyusi, anafuma.
Dale, mdogo wangu, alimchorea samaki
kwa kidole, kwenye barafu ya dirisha.
Naye akachora wake kwenye kioo cha gari.
Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Kurasa za mwisho ni risiti.
Wanawake waliuza keki, baiskeli, pete zao za ndoa,
kumlipia mama wakili wa rufaa.
Verna Kleist, aliyeshindwa kesi yake
na hajui wanawe watatu wanaishi mji gani,
alileta dola kumi na moja na kijikaratasi:
Kwangu kumeshakucha vibaya. Jaribuni kwenu.

Rufaa: imekataliwa.
Rufaa: imekataliwa.

Ninayoyatafuta hayamo humu.
Nilipotimiza miaka kumi na minne
hakimu mwingine aliniuliza, bila peremende,
nataka kulala wapi.
Dale alibaki kwa baba. Hilo ni faili jingine,
na sijawa na ujasiri wa kuliomba.

Lakini Jumamosi ile niliingia na sanduku.
Jua likazama, na hakuna aliyetazama saa.
Mama akatoka bila koti, akakanyaga theluji kwa soksi,
akagonga kioo.
Arlene akazima injini.