Vigae

Lotte Wachsner. Sisi wa Kaloleni tulisema Loti,
jina la ukoo lilitukwama kooni
kama mwiba wa mbuta.

Alikuja kwa meli mwaka wa thelathini na tisa,
sanduku moja, na gurudumu la mfinyanzi
lililofunguliwa skrubu, likaviringishwa ndani ya koti la baba yake.
Baba hakuja. Hilo alilisema mara moja tu,
akichekecha mchanga.

Jumatatu na Jumatano, ukumbi wa mtaa:
wajane kumi na wawili, nami niliyeletwa na mama
kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuniangalia.
Udongo ulitoka Murang'a kwa lori,
mabakuli yakaenda Kariokor,
karo ikalipwa, au nusu yake.

Bi Nyaboke alikataa kuketi.
"Udongo uupate ungali maji," alisema. "Mimi nimeshakauka."
Loti akaokota bonge gumu kama jiwe,
akalitosa ndooni, akatazama saa yake.
"Kesho kutwa," akasema, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea,
"njoo, shika."
Akaja. Akashika. Ukamnata vidoleni.

Lakini tanuru hakuliwasha yeye.
Omolo alipotia kuni, Loti alitoka nje,
akasimama kando ya barabara, ameupa moshi mgongo,
akihesabu kitu kwa Kijerumani.
Nilitaka kuuliza. Mama akanifinya.

Ijumaa saa kumi alinawa hadi viwikoni,
akaenda kwake Ngara kuwasha mishumaa miwili.
Na usiku wowote simu iliweza kulia:
mwanamke wa kwao amefariki.
Walikuwa wanne, watano, akina mama wa sinagogi,
wakimwosha maiti, wakimvika sanda isiyo na mfuko.
Asubuhi angefika ukumbini macho mekundu,
akakanda udongo kama kawaida.
"Jana nimefanya kazi," aliwahi kuniambia,
"na aliyefanyiwa hana namna ya kuniambia asante.
Basi hiyo ndiyo kazi."

Juni, baridi ya kuuma mifupa,
wakanikuta nyumbani kwake, nikikunja mashuka,
wawili tu waliosalia, mmoja kwa mkongojo.
Waliniomba kigae.
Ni desturi, walisema: vipande vya chombo cha udongo,
kimoja kila jicho, kimoja mdomoni.
Mimi si wa kwao. Chumbani nisingeingia.

Dirishani lilikuwapo bakuli langu la kwanza,
la nilipokuwa na miaka saba,
limeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza.
Miaka arobaini alilitilia ndimu.
Nikalibwaga sakafuni. Halikuvunjika.
Nikalibwaga tena.

Nilichagua vigae vitatu,
nikavisugua kingo kwa jiwe visije vikamkwaruza,
nikavipitisha mlangoni kwa mkono uliotolewa.

Kisha nikakaa kwenye benchi la ukumbini,
nasikia maji yakimiminwa upande wa pili,
na ndimu zake mapajani mwangu,
sijui niziweke wapi.